Buli la Kichina la bibi: vikombe vina muhuri wa Kangxi. Je, ni ya miaka 300 kweli?

#1 Mjukuu_wa_Bimkubwa
Salaam wapendwa. Naomba msaada wa wanaojua vyombo vya kale vya kauri.

Bibi yangu mzaa mama ametangulia mbele ya haki na ameacha kabati la vyombo nyumbani kwake Mji Mkongwe, Unguja. Rafu ya juu kabisa palikuwa na kikapu cha henzirani cha mviringo, kina kifuniko na kitasa kidogo cha shaba, ndani kimejazwa pamba na kushonewa kitambaa chekundu. Humo mmekaa buli moja na vikombe viwili vidogo visivyo na mikono.

Buli lina mikono miwili ya waya wa shaba uliozungushiwa henzirani. Limechorwa kote. Kuna vyumba vinne vya picha: viwili vina watu wamekaa barazani na mapepeo yao, viwili vina ndege, vipepeo na maua makubwa ya pinki. Baina yake ni dhahabu na majani ya kijani, hakuna nafasi iliyoachwa. Chini ni peupe, hakuna alama.

Vikombe havifanani na buli. Ni vyeupe na buluu, vimechorwa matawi ya maua, na chini kuna duara mbili za buluu na herufi nne za Kichina. Kijana wa Kichina mwenye duka mjini alinisomea: Kangxi nian zhi, yaani "kimetengenezwa enzi ya Kangxi". Enzi hiyo ni 1662 hadi 1722. Mjomba kashatangaza kwa ukoo mzima kuwa seti ina miaka 300 na isiuzwe chini ya bei ya nyumba. Mimi siuzi. Nataka kujua nilichokishika ni nini.

#2 Sokomoko
Dada, mpe mjomba pole mapema 😀 Lakini hayuko mbali sana. Mwaka 2014 huko Hong Kong kikombe kimoja cha chai chenye picha ya kuku kiliuzwa dola za Hong Kong milioni 281, kama dola milioni 36 za Marekani. Kikombe kimoja tu! Funga kabati na kufuli.

#3 Kitako_Kwanza
Mkuu Sokomoko, turekebishe. Kile ni kikombe cha mvinyo, kimetengenezwa enzi ya Chenghua (1465 hadi 1487) kwa matumizi ya ikulu, na vilivyobaki duniani ni vichache mno. Upana wake ni kama sentimita 8. Aliyekinunua, Liu Yiqian, ndiye aliyekinywea chai akapigwa picha, na watu wakamlaumu sana. Ndiyo maana wengi wanadhani ni cha chai.

Dada Mjukuu, tuje kwako. Nina miaka kumi na tano nakusanya vyombo hivi, nianze na neno moja: herufi za chini ziangalie mwisho kabisa. Wachina walikuwa na desturi ya kuandika jina la mfalme wa zamani kwa heshima, kuonyesha kwamba wanafuata kazi nzuri ya wakati ule. Baadaye wakaja walioandika kwa ajili ya soko. Muhuri wa Kangxi wenye herufi nne, tena kwenye kauri nyeupe na buluu yenye matawi ya maua, mara nyingi sana ni kazi ya mwisho wa karne ya 19.

Kuna jambo watu wengi hawalijui. Mwaka 1677, yaani ndani ya enzi ya Kangxi yenyewe, mkuu wa wilaya iliyokuwa na tanuri za Jingdezhen, mji maarufu wa kauri, alipiga marufuku kuandika jina la mfalme kwenye vyombo, kwa hofu kwamba chombo kikivunjika jina tukufu litatupwa jaani. Ndiyo sababu vyombo vingi vya kweli vya wakati ule chini vina duara mbili tupu, au jani, au havina kitu. Duara tupu lingenishtua zaidi kuliko herufi zako.

Naomba picha za kitako, lile duara linalogusa meza.

#4 Chai_Maziwa
Mimi nimekwama kwenye neno tu. Kwetu Tanga hilo ni birika. Buli ni nini?

#5 Mwana_Amu
Birika ni la kuchemshia maji au kunawia, asili yake Kiarabu. Buli ni la kuungia chai na kuimimina mezani. Mama angu angekusikia ukiita buli birika angekunyima chai, ndugu yangu wa Tanga 😀

Tukiwa hapo hapo kwenye maneno: kauri kwetu ni simbi wa baharini na pia ni udongo huu mweupe wa Kichina. Nilipogundua kwamba Waitaliano nao walifanya vilevile nilishangaa. Neno lao porcellana lilikuwa jina la simbi huyo huyo, wakalipa chombo kwa ajili ya weupe na mng'aro wake. Na chai ni cha ya Wachina iliyopita Uajemi, ilhali wale walionunua kwa Waholanzi, ambao chai yao ilitoka kwa watu wa Fujian, pwani ya China, wakasema te. Basi ukisema "buli la kauri la chai" umetaja bahari tatu.

#6 Mjukuu_wa_Bimkubwa
Kitako_Kwanza, ahsante. Picha nimeweka. Kitako cha vikombe ni cheupe, laini, kina mstari mwembamba wa rangi ya kutu pale mng'aro unapoishia. Cha buli kinakwaruza kidogo, kina vidoa vyeusi kama punje za pilipili manga.

#7 Kitako_Kwanza
Vizuri. Kwa wanaoanza nieleze nachotazama.

Kauri ya Jingdezhen ni ndoa ya udongo mweupe wa kaolini (jina limetoka kilima cha Gaoling, karibu na mji huo) na jiwe lililosagwa. Huchomwa kama nyuzi 1,300. Buluu ya kobalti huchorwa juu ya udongo mbichi, kisha hupakwa utando wa kioo, kisha chombo huingia tanurini mara moja. Kwa hiyo buluu imekaa CHINI ya kioo, ukipitisha kidole husikii kitu. Lakini pinki, kijani, manjano na dhahabu haziwezi kustahimili moto ule. Huchorwa JUU ya kioo baada ya chombo kuiva, kinarudishwa kwenye tanuri dogo la moto mdogo zaidi. Pitisha kidole juu ya maua ya buli lako, utasikia yameinuka. Ile pinki hupatikana kwa dhahabu iliyoyeyushwa, na ilianza kutumika huko kwenye miaka ya 1720. Kwa hiyo buli lenye pinki ya namna hiyo haliwezi kuwa la katikati ya enzi ya Kangxi, hata mjomba akasirike vipi.

Sasa: buli na vikombe ni watu wawili waliooana ukubwani. Buli, kwa vyumba vinne vya watu na maua, ni kazi ya Guangzhou, mji ambao Wazungu waliuita Canton. Chombo cheupe kilifinyangwa Jingdezhen, kikasafirishwa kwa mito kuelekea kusini, kikabebwa na wapagazi kuvuka njia ya mlima wa Meiling, kikachorwa Guangzhou kwenye karakana za rangi. Mtindo huo ulienea kuanzia katikati ya karne ya 19. Kikapu chenye pamba ni cha kuhifadhi joto, na seti hizo za kikapu ziliuzwa sana mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20.

Kwa haraka: buli 1870 hadi 1910. Vikombe labda 1880 hadi 1900.

#8 Fundi_Saa
Nakupinga kidogo mkuu. Mimi nilifundishwa kwamba chombo cha Kichina kisicho na neno "China" chini ni cha kabla ya 1891, kwa sababu ya sheria ya Marekani. Kwa hiyo buli tupu ni la kabla ya 1891, mwisho wa habari.

#9 Kitako_Kwanza
Sheria ilipitishwa 1890 ikaanza kazi 1891, na ilihusu bidhaa zinazoingia MAREKANI. Nani aliwataka waandike kwa Kiingereza kwenye buli linalokwenda Bombay au Unguja? Neno "China" likiwapo linatuambia mengi. Lisipokuwapo kwenye chombo kilichokutwa pwani yetu halituambii kitu. Hata kwa Marekani kwenyewe, mara nyingine alama ilikuwa karatasi iliyobandikwa, ikabanduka.

#10 Fundi_Saa
Hapo nimekuelewa. Naondoa "mwisho wa habari".

#11 Mlimani_Reli
Wakuu, mbona hakuna anayesema habari ya reli? TAZARA ilijengwa na Wachina 1970 hadi 1975, kilomita 1,860, na sehemu ya gharama za humu ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani kwetu. Baba alifanya kazi ya reli upande wa Makambako. Nyumbani tulikuwa na thermosi zenye maua, mabeseni ya maua, na vikombe vile vyenye vitundu kama punje za mchele vinavyopitisha mwanga. Vyote vya Kichina, vyote vya dukani. Dada Mjukuu asije akakumbatia kitu cha 1974 akidhani ni cha sultani.

#12 Mjukuu_wa_Bimkubwa
Kaka, mama anasema kikapu kilikuwapo yeye akiwa msichana, kabla ya Mapinduzi.

#13 Mlimani_Reli
Kikapu sawa. Je, na vikombe? Kitako kasema mwenyewe kuwa ni watu wawili waliooana ukubwani. Inawezekana vya asili vilivunjika, bibi akajaziliza na vya dukani. Mama yangu alifanya hivyo maisha yake yote.

#14 Kitako_Kwanza
Hoja nzuri, siwezi kuifunga. Ila vyombo vya punje za mchele na vingi vya miaka hiyo chini vimeandikwa kwa chapa, kwa Kichina au kwa Kiingereza, kwamba vimetoka Jingdezhen au China. Muhuri wa Kangxi wa mkono, na ile kutu ya kitako, vinanivuta nyuma zaidi. Lakini muhuri wa mkono uliandikwa hata juzi. Guangzhou_Kwetu yupo? Yeye anaishi huko.

#15 Guangzhou_Kwetu
Nipo. Nilikuwa napakia kontena.

Nimekwenda Jingdezhen mara tatu. Kuna soko huanza alfajiri ya Jumatatu, giza bado, wenyeji wanaliita soko la mizimu. Kila mtu ana tochi. Wanatandika vitambaa chini, wanauza vigae vilivyochimbuliwa, vikombe, mabuli, kila enzi unayoitaka. Mara ya kwanza nilinunua kikombe chenye duara mbili na herufi za Kangxi kwa mzee mmoja mwenye sura ya huruma. Nikakaa nacho hotelini usiku kucha nikikitazama kwa furaha. Asubuhi mwenyeji wangu alinipeleka kijiji cha Fanjiajing, kinachojulikana kwa kunakili vyombo vya kale, nikakuta vikombe kama changu vimepangwa kwenye ubao, vinasubiri kukauka. Kilichoniuma ni kwamba vilikuwa vizuri kweli. Kijana aliyekuwa akichora alikuwa na mkono mwepesi kuliko mkono wowote niliowahi kuuona.

Ukale wanaupachika kwa asidi, kwa udongo, kwa kuchemsha kwenye chai. Kwa hiyo hiyo kutu ya kitako inayomvuta Kitako nyuma, mimi hainivuti. Tazama michubuko. Chombo kilichotumika kweli huchubuka pale mkono ulipokuwa ukishika na pale kifuniko kinapokaa, na michubuko huelekea kila upande. Iliyotengenezwa kwa msasa huelekea upande mmoja.

Na tahadhari kwa wanaotaka kuja kununua: China hairuhusu kutoa nje vyombo vya kabla ya 1911. Anayekuuzia cha "1700" na kukuahidi kitapita uwanja wa ndege, ama anakudanganya juu ya umri ama anakuingiza kwenye kesi.

#16 Sokomoko
Kwa hiyo Guangzhou naye ana mjomba wake ndani ya moyo 😀

#17 Guangzhou_Kwetu
Kikombe kipo mezani kwangu sasa hivi kina chai. Nakipenda.

#18 Nesi_Mstaafu
Kuhusu kunywea: wanangu, rangi zile za juu ya kioo zina madini ya risasi. Na zikikutana na kitu kichachu kama chai ya ndimu, risasi hutoka ikaingia kwenye kinywaji. Buli lililochorwa nje tu na ndani ni jeupe zima halina shida kubwa, lakini kikombe chenye maua hadi mdomoni kiwekeni kabatini, hasa kama kuna watoto au mjamzito. Na msikiweke kwenye maikrowevu, ile dhahabu itatoa cheche.

#19 Mswahili_wa_Muscat
Assalam alaikum. Nimesoma toka mwanzo. Familia yetu ilitoka Unguja kuja huku, na kwa shangazi yangu hapa Muscat kuna kikapu kama hicho, henzirani, kitambaa chekundu, waya wa shaba. Kwetu inasemwa kilitoka Bombay na wafanyabiashara wa Kihindi, kikaja Unguja na mali nyingine kwa jahazi la kaskazi. Bombay ilikuwa imejaa vitu vya Canton. Mimi siamini kama kulikuwa na haja ya chombo kutoka China moja kwa moja.

#20 Mlimani_Reli
Halafu kuna Wachina wenyewe waliokaa Unguja. Kabla ya uhuru walikuwapo waliofanya biashara ya majongoo bahari. Mtu anahama na buli lake, anauza, au anampa jirani.

#21 Mwana_Amu
Zote zinawezekana. Lakini nyote mnazungumza kama kwamba kauri ya Kichina ilifika pwani juzi.

Nyumba za kale za Amu zina ukuta wa zidaka, vishimo vingi vya chokaa iliyonakshiwa, na humo ndimo zilimopangwa kauri. Nendeni Gedi, magofu ya mji wa kale pwani ya Kenya, yaliyochimbwa na James Kirkman kuanzia 1948, nendeni mkaone vilivyotoka huko na kwingineko kwenye jumba la makumbusho la Fort Jesus. Nguzo za makaburi ya Kunduchi na Mambrui ziligandikwa sahani na bakuli za Kichina kwenye chokaa. Kaburini! Sikubaliani na wanaosema ni pambo tu. Mtu akiweka kitu chake cha thamani kwenye kaburi la mzazi wake, anasema neno zito.

Ila, na hili linaniuma kama mwana wa Amu, si kila sahani ya zidakani ni ya Kichina. Nyumbani tulikuwa na kombe kubwa la maua ya buluu na nyekundu. Bibi alikuwa akiandikia aya kwa zafarani, kisha anaziosha kwa maji ya waridi mgonjwa anywe. Sote tulisema ni la China. Nikaligeuza siku moja: Maastricht. Uholanzi! Viwanda vya Petrus Regout vilitengeneza vyombo kwa ajili ya masoko ya huku. Dada Mjukuu, geuza kila kitu kabatini.

#22 Chai_Maziwa
Sasa hivi nimegeuza la mama. Maastricht. Nimekaa chini.

#23 Kitako_Kwanza
Usikae chini, Chai_Maziwa. Sahani ya Maastricht iliyoandikiwa kombe ni ya pwani zaidi kuliko nyingi za China. Ifunge vizuri.

Mwana_Amu, nakubali yote ila moja: zile za makaburini na za Gedi nyingi ni sahani na bakuli za kulia, za karne nyingi kabla ya buli hili. Buli lenyewe ni kitu kichanga hata China. Zamani walichemsha chai ya kusaga, baadaye wakawa wanaipiga povu kwenye bakuli. Mwaka 1391 mfalme wa kwanza wa nasaba ya Ming alikomesha ikulu kuletewa mikate ya chai iliyoshindiliwa kama ushuru, majani ya chai yakashika nafasi, ndipo buli likawa na kazi. Kwa hiyo hatuwezi kuunganisha buli la bibi na kaburi la Kunduchi kwa sababu tu vyote ni kauri.

#24 Mwana_Amu
Sikuunganisha vyombo. Niliunganisha mapenzi. Mtu wa pwani kupandisha kauri rafu ya juu kabisa, hakulianza bibi yake dada huyu.

#25 Kitako_Kwanza
Hapo umenifunga mdomo.

#26 Fundi_Saa
Swali la pembeni: kwa nini vikombe havina mikono? Vilivunjika?

#27 Guangzhou_Kwetu
Havikuwa nayo. Huku unashika ukingo wa juu na kitako, kikombe kidogo, kikikuchoma ujue chai bado haijawa ya kunywa. Mikono ni matakwa ya Wazungu. Hata wao mwanzoni walikunywa kwa vibakuli. Meli ya Kiholanzi ya Geldermalsen ilizama 1752 ikitoka Guangzhou. Ilipoopolewa miaka ya 1980 zikatoka kauri zaidi ya 100,000, vikombe na visahani vyake kwa maelfu. Zikapigwa mnada Amsterdam 1986. Shehena ya thamani kubwa ilikuwa chai. Kauri haiogopi maji, ndiyo maana ilipakiwa chini.

#28 Sokomoko
Visahani! Babu alimimina chai kwenye kisahani akainywa humo kwa sauti hadi mtaa wa pili. Nilidhani ni ushamba, kumbe Waingereza wa zamani nao walifanya.

#29 Mjukuu_wa_Bimkubwa
Ahsanteni nyote. Nimefanya mlivyoniambia.

Maua ya buli yameinuka, nayasikia kwa kidole. Ndani ni jeupe zima, Mama Nesi. Dhahabu imechujuka upande mmoja tu, upande wa kulia wa mdomo, na bibi alikuwa akimimina kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kifuniko. Nimegonga kwa ukucha: buli linalia kama kengele, kikombe kimoja kinalia, cha pili kinatoa sauti ya bubu. Nikakiangaza kwa tochi nikaona ufa mwembamba kama unywele kutoka mdomoni hadi kwenye tawi la maua.

Jingine. Kitambaa chekundu kimefunguka pembeni, na ndani ya pamba kuna kipande cha gazeti. Maandishi ni ya Kigujarati.

#30 Mswahili_wa_Muscat
Bombay! Nilisema.

#31 Mjukuu_wa_Bimkubwa
Nami nilifurahi, kaka. Nikampigia mama. Akacheka, akasema bitana ile aliishona upya yeye mwenyewe akiwa shuleni, panya walikuwa wameitoboa, na pamba na magazeti ya kujazia alipewa na fundi cherehani wa Kihindi wa mtaa wa pili.

#32 Mlimani_Reli
Basi gazeti ni la fundi. Na vikombe je, mama anavikumbuka viwili hivi hivi?

#33 Mjukuu_wa_Bimkubwa
Nimemwuliza. Anakumbuka buli. Vikombe anasema "vilikuwapo vikombe", hakumbuki rangi.

#34 Kitako_Kwanza
Dada, naomba picha moja zaidi: ukingo wa ndani wa kifuniko, na pale kinapokaa kwenye buli. Kama kifuniko ni cha buli hili tangu mwanzo, michubuko itapatana. Na kama kifuniko nacho ni mgeni, turudi mwanzo.

#35 Mjukuu_wa_Bimkubwa
Umeme umekatika. Kesho jua likitoka napiga barazani.